Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kujishonea nguo ukiwa umechoka kukosa cha kuvaa

Nimejishonea nguo kwa miaka saba sasa. Sikusomea ufundi. Nilianza kwa hasira, asubuhi moja nilipovua nguo ya nne mfululizo na kutoka nyumbani nimechelewa, nimevaa ileile ya jana. Tangu watu wajue kwamba najishonea, maswali wanayonirushia ni yaleyale, nami nimeyakusanya hapa. Majibu ni ya mtu aliyeharibu vitambaa vingi, si ya mwalimu.

Kabati limejaa lakini sina cha kuvaa. Kushona kutanisaidia kweli?

Kutakusaidia ukishajua ni nini hasa unachokosa. Wengi hukimbilia cherehani, wakashona gauni zuri la kutokea, na Jumatatu asubuhi wamesimama tena mbele ya kabati lilelile.

Kabla hujagusa mkasi, toa nguo zote uzimwage kitandani. Tenga zile ulizozivaa mwezi uliopita bila kujilazimisha. Mimi nilikuwa na nguo kama arobaini, na rundo la zinazovaliwa lilikuwa na sita. Nikazikagua moja moja kama anayetafuta kitu kilichopotea. Zote sita zilikuwa na mikono ya kufika kwenye kiwiko, zote zilikuwa pana nyongani, na hakuna hata moja iliyokuwa na zipu ya ubavuni. Rangi hazikufanana kabisa, na hapo nilishangaa, maana miaka yote nilijiambia kwamba tatizo langu ni rangi.

Kisha nikazivaa zile nisizozivaa, nikaandika sababu karatasini: inabana kwapa, inapanda nikikaa, inapwaya mgongoni juu kidogo ya kiuno, nalazimika kuvuta kola kila baada ya dakika mbili. Karatasi hiyo ninayo hadi leo. Ndiyo iliyoniambia nishone nini, na muhimu zaidi, nisishone nini.

Mbona nguo za dukani hazinikai? Mwili wangu una kasoro?

Hauna. Kiwandani hutengenezwa kwanza saizi moja ya katikati, ikakaguliwa kwenye mwili mmoja, kisha saizi nyingine zikapatikana kwa kuongeza au kupunguza sentimita kadhaa kwa kanuni. Kanuni hiyo huchukulia kwamba bega, kifua, kiuno na nyonga huongezeka pamoja. Yako yanaweza kuwa hayana habari na kanuni hiyo.

Hata vipimo vyenyewe vina historia yake. Mwaka 1939 na 1940, Wizara ya Kilimo ya Marekani iliwapima wanawake karibu 15,000, zaidi ya vipimo 50 kwa kila mmoja, ili upatikane mfumo mmoja wa saizi. Vipimo vya wanawake wasio weupe viliachwa nje ya hesabu. Mwaka 1958 kikatoka kiwango cha saizi kilichotokana na kazi ile, na mwaka 1983 kikafutwa. Kwa hiyo ukivaa namba moja katika duka hili na nyingine katika duka la jirani, usiulaumu mwili wako.

Mimi nina mabega ya saizi moja na nyonga za saizi mbili mbele yake. Nguo ikinitosha nyongani, mgongoni juu ya kiuno panabaki nafasi ya kuingiza ngumi. Nilidhani ni kwa sababu sijui kuchagua nguo. Siku nilipojipima kwa utepe, jambo lililonisumbua miaka kumi likaonekana kwenye namba mbili.

Nahitaji cherehani ya aina gani?

Inayoshona mshono wa moja kwa moja bila kuruka, basi. Ikiwa na zigizaga na uwezo wa kurudi nyuma, umeshiba. Mishono mia mbili ya maua na bata huwezi kuitumia. Nina hakika kwa sababu yangu inayo na nimetumia mitatu. Cherehani ya zamani ya kuzungusha kwa mkono au ya kukanyaga, ikiwa imetiwa mafuta na haina kutu, itakufunza vizuri kuliko ya plastiki inayotetemeka, kwanza kwa sababu haiendi kasi kuliko akili yako.

Usianze na ya kiwandani kwa kuwa tu umeipata. Ina kasi kubwa mno kwa mkono mgeni, na sindano zake kwa kawaida zina shina la duara, wakati za nyumbani zina ubapa upande mmoja. Haziazimani.

Na kama huna kabisa, sindano ya mkono inashona nguo nzima. Tumia mshono wa kurudi nyuma, ule ambao kila hatua inarudi nusu kabla ya kusonga mbele. Unachelewa, lakini ni imara.

Vifaa vingine je?

Mkasi mmoja wa kitambaa ambao hakuna mtu nyumbani atakatia karatasi. Utepe wa kupimia, pini, chaki ya fundi, sindano za akiba na kifumulio, kile kidude cha kukatia mishono iliyokosewa. Hicho cha mwisho utakitumia kuliko unavyofikiri.

Na pasi. Ningelazimishwa kuchagua kati ya cherehani nzuri na pasi nzuri, ningechukua pasi. Kila mshono unapomaliza, upige pasi kabla hujaukatiza kwa mshono mwingine. Watu wakitazama nguo wakasema "hii imeshonwa nyumbani", mara nyingi wanachokiona ni mishono ambayo haikupigwa pasi.

Nianze na nguo gani?

Usianze na nguo unayoitamani. Anza na kurekebisha uliyonayo: fupisha suruali, punguza gauni ubavuni, badilisha lastiki. Hapo unajifunza mashine bila woga wa kuharibu kitambaa kipya.

Kisha shona sketi ya lastiki. Nitaeleza kwa namba, kwa sababu maelezo ya "kata kiasi kinachokutosha" ndiyo yaliyonipotezea kitambaa changu cha kwanza. Tuseme nyonga zako ni sentimita 104, kiuno 80, na unataka sketi yenye urefu wa 70. Chukua kitambaa chenye upana wa 150 na utumie upana wote kama kipande kimoja. Ukitoa sentimita 3 za mshono wa nyuma, unabaki na 147, karibu mara moja na nusu ya nyonga, yaani marinda ya wastani. Urefu ukate 77: 70 za sketi, 4 za njia ya lastiki juu, 3 za pindo chini.

Unganisha mshono mmoja wa nyuma, ukiacha sentimita 1.5 kutoka ukingoni. Piga pasi. Juu, kunja sentimita 1 ndani, kisha kunja tena 3, ushone karibu na ukingo wa chini wa mkunjo na kuacha mlango wa sentimita 5. Lastiki yenye upana wa sentimita 2.5, urefu 75, ifunge pini ya usalama kichwani na uisukume kwenye njia hadi itokee upande wa pili. Hakikisha haijajisokota ndani. Lastiki iliyojisokota utaihisi kiunoni kutwa nzima. Shona ncha mbili pamoja, funga mlango, kunja pindo. Mchana mmoja unatosha.

Hakuna zipu, hakuna kifungo, hakuna kola. Na ni nguo ya kuvaa siku ya kawaida, ambako ndiko kabati linakopungukiwa.

Nawezaje kujipima nikiwa peke yangu?

Funga kamba kiunoni, uiname kushoto na kulia. Itatulia yenyewe penye kiuno chako halisi, ambapo huenda si pale unapofungia mkanda. Nyonga zipime mahali penye unene mkubwa zaidi, na utepe ukae sambamba na sakafu, kwa hiyo simama mbele ya kioo. Usivute tumbo ndani. Unajua utapumua baadaye.

Kwa suruali kuna kipimo ambacho wanaoanza hukiruka: kaa kwenye kiti kigumu, mgongo wima, upime ubavuni kutoka kiunoni hadi kwenye kiti. Hicho ndicho kina cha suruali. Nilikiruka. Suruali yangu ya kwanza ilipendeza sana nikiwa nimesimama, na sikuweza kukaa.

Andika tarehe pembeni ya vipimo, na ujipime upya kila unapoanza nguo mpya. Kisha kumbuka kwamba kipimo cha mwili si kipimo cha nguo. Kwa kitambaa kisichovutika, ongeza angalau sentimita 5 kifuani ili uweze kunyanyua mkono na kupumua, na zaidi ukitaka nguo ya kupwaya.

Pateni zinanichanganya. Nichague namba ipi?

Pateni ni michoro ya vipande vya nguo kwenye karatasi. Chagua namba inayolingana na vipimo vyako kwenye jedwali la pateni hiyo, hata kama inakuudhi. Usiilinganishe na namba unayonunua dukani. Ukiwa na namba moja kifuani na nyingine nyongani, chora mstari laini wa kuhama kutoka moja kwenda nyingine. Pateni huchapishwa na mistari ya saizi nyingi kwa ajili hiyo hasa. Zile za saizi tofauti zilianza kuuzwa na Ebenezer Butterick, fundi wa nguo wa Marekani, mwaka 1863. Kabla yake mnunuzi alipewa saizi moja, akajitanulia mwenyewe.

Angalia mambo mawili kabla ya kukata. La kwanza, kama nafasi ya mshono, yaani kitambaa kinachobaki kati ya mshono na ukingo, imo au unapaswa kuiongeza. Pateni nyingi huiweka sentimita 1.5, nyingine haziweki kabisa. La pili, mshale mrefu uliochorwa katikati ya kipande. Mshale huo unafuata mtande, nyuzi zinazokwenda sambamba na ukingo wa kitambaa. Pima kutoka ncha zote mbili za mshale hadi ukingoni. Zikipishana hata sentimita 1, rekebisha. Ukidharau hili, mguu mmoja wa suruali utazunguka kuelekea ndani baada ya kufuliwa, na hakuna pasi itakayourudisha.

Kata kitambaa kikiwa kimekunjwa mara mbili, au ukikata kipande kimoja kimoja, geuza pateni kwa kipande cha pili. Mimi nilishawahi kukata mikono miwili ya kushoto. Nilikaa nayo mezani nikiigeuza huku na huku, kana kwamba mmoja ungekubali kuwa wa kulia.

Kama una nguo inayokukaa vizuri, inaweza kuwa pateni yako ya kwanza. Itandaze juu ya karatasi, bonyeza pini kwenye mishono ili zitoboe karatasi, kisha unganisha matundu na uongeze nafasi ya mshono. Si lazima uifumue.

Ni lazima nishone kwanza ya majaribio?

Kwa sketi ya lastiki, hapana. Kwa chochote chenye mikono, kifua au suruali, ndiyo, kwa shuka kuukuu. Shona kwa hatua ndefu za milimita 4 au 5 ili ufumue kirahisi, usihangaike na pindo wala zipu. Bana kwa pini tu. Vaa, kaa, inama, nyoosha mikono kama unayefikia rafu ya juu.

Kitambaa nikifue kabla ya kukata? Naona uvivu.

Kifue, tena kwa namna ileile utakayoifua nguo. Pamba mpya inaweza kurudi kwa asilimia 3 hadi 5. Kwenye sketi yetu ya sentimita 70, asilimia 5 ni sentimita 3.5, na kiunoni kwenye gauni lililokaa barabara hizo ndizo zinazofanya zipu isifunge.

Uzi unafanya kiota chini ya kitambaa. Cherehani imeharibika?

Mara chache sana. Swali hili ndilo linalowafanya watu wengi warudishe cherehani kabatini, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Cherehani hushona kwa nyuzi mbili, mmoja wa juu na mmoja wa bobini (kigurudumu kidogo cha uzi kinachokaa chini ya sindano), zinazofungana katikati ya unene wa kitambaa. Uzi wa juu hupita katikati ya visahani viwili vinavyoubana. Ukiinua kiguu kinachokandamiza kitambaa, visahani hufunguka, ukikishusha, hubana. Sasa fikiria umetia uzi kiguu kikiwa chini: uzi umepita juu ya visahani badala ya kuingia katikati yake. Hakuna kinachoubana. Unapoanza kushona, uzi wa juu unamwagika kwa wingi upande wa chini, na wewe unaona fujo chini na kuilaumu bobini.

Kwa hiyo fujo ikiwa chini, shaka la kwanza ni uzi wa juu. Toa uzi wote wa juu, inua kiguu, zungusha gurudumu la mkono hadi sindano iwe juu kabisa, tia uzi upya bila kuruka ndoano hata moja. Vuta nyuzi zote mbili kiasi cha sentimita 10 kuelekea nyuma, uzishike kwa kidole kwa hatua tatu za kwanza. Katika kumi nilizoitwa kutazama, tisa zilipona hapo.

Ikikataa bado, badilisha sindano. Sindano inachakaa baada ya saa nane hivi za kushona, na watu huitumia hadi ivunjike. Namba yake ni unene wake: 80 ni milimita 0.8. Tumia 70 kwa vitambaa vyepesi, 80 kwa pamba ya kawaida, 90 au 100 kwa jinzi. Baada ya hapo safisha vumbi la nyuzi chini ya bamba la sindano. Ukaze wa uzi uguse mwisho kabisa, na hatua ndogo, ukijaribu kwenye kipande cha kitambaa hichohicho.

Nguo imekwisha lakini inavutika mahali fulani. Nifanyeje?

Soma mikunjo, kwa kuwa huelekea mahali penye tatizo. Ikilala kwa upana nyongani kama inavyonyooka kamba, nguo inabana hapo. Fungua mishono ya ubavuni. Ikitoka kwapani kwa mshazari kuelekea kifuani, kifua kinahitaji nafasi zaidi kuliko pateni ilivyodhani. Kitambaa kikirundikana mgongoni juu ya makalio, tazama kwanza kama nyonga zinabana, maana nguo iliyobana chini hupanda juu kutafuta nafasi. Nyonga zikiwa huru na mrundikano upo, mgongo wako una upinde mkubwa, nawe upunguze urefu wa nguo mgongoni peke yake. Huo ndio ulikuwa ugonjwa wangu, ile nafasi ya ngumi. Ilitoweka kwa kupunguza sentimita 2.

Rekebisha jambo moja, vaa, ndipo uguse jingine. Ukirekebisha matatu kwa pamoja hutajua lililosaidia.

Vitambaa vinavyovutika ni vigumu?

Si sana, ila vinataka sindano yenye ncha butu inayosukuma nyuzi pembeni badala ya kuzitoboa, na mshono wa zigizaga nyembamba. Mshono wa moja kwa moja utakatika ukivuta nguo kichwani. Usikivute kitambaa unaposhona, meno ya chini yanakisukuma yenyewe.

Naweza kuweka mifuko?

Weka. Kwenye kila kitu.

Kushona kutaniokolea muda?

Hapana. Sketi ni mchana mmoja, lakini shati langu la kwanza lenye kola lilichukua wiki tatu, na moja kati ya hizo lilikaa limetundikwa mlangoni bila mkono wa kulia kwa sababu nilikuwa nimelinunia. Muda unaorudi ni ule wa asubuhi.

Nimeshona gauni, lakini naona aibu kuivaa hadharani.

Wewe umeitazama ukiwa na pua karibu na sindano. Anayepita anaitazama kutoka hatua mbili tatu, na wala hatazami pindo. Sketi yangu ya pili ilikuwa na mshono wa nyuma uliopinda wazi kabisa. Niliivaa mwaka mzima, na aliyeuona ni mmoja, fundi wa nguo, ambaye alitabasamu tu. Kinachoonekana kwa mbali ni urefu usio sawa. Simama, mtu akupimie kutoka sakafuni kwenda juu, si kutoka kiunoni kwenda chini, kwa kuwa nyonga mbili hazilingani.

Sasa nimeshona nguo nyingi, na bado sina cha kuvaa!

Karibu. Mwaka wangu wa pili nilikuwa na magauni matano ya vitambaa vya kupendeza mno, yenye maua makubwa, na hakuna blauzi hata moja ya kuvaa na sketi. Nilikuwa nachagua kitambaa kwa macho na kusahau karatasi yangu. Nikarudia lile zoezi la kitandani, safari hii kwa nguo nilizoshona mwenyewe, na ilikuwa chungu zaidi.

Siku hizi kitambaa kikinivutia, najiuliza kitavaliwa na nguo zipi tatu ambazo tayari ninazo. Nikikosa, nakiacha, au nakinunua nikijua kwamba nanunua kitambaa cha kutazama. Ninacho kisanduku kizima cha hivyo. Sketi nyeusi ya lastiki, ile ya mshono mmoja, nimeshona ya nne wiki iliyopita. Hii ya sasa nimeipa mishono miwili ya ubavuni, na mifuko yake ina kina cha kumeza simu nzima.